Nati Imekaza, Oili Inavuja

Tone lilijitokeza chini ya nati, likakaa kidogo kwenye pembe ya chuma, kisha likaanguka juu ya unga wa mbao. Shemeji yangu alizima injini, akachukua ile spana ya kurekebisha ambayo mafundi huiita kwa jina lisilo na adabu, akaikaza nati kidogo zaidi, akaifuta kwa kitambaa na kuwasha tena. Injini ilipopata joto, tone jingine lilitokea mahali palepale.

"Hii nati imekaza, shemeji," aliniambia. "Nikiongeza nguvu itakatika."

Tulikuwa porini upande wa Sao Hill, kwenye mashine ya kupasulia mbao ya aina ile ambayo Mufindi nzima huiita dingidongi: msumeno wa duara, meza ya chuma, na injini ya dizeli ya silinda sita iliyotolewa kwenye lori la Kijapani ikafungwa juu ya magogo. Rejeta ya oili, yaani ile ya kuipoza oili ya injini, ilitoka kwenye mtambo wa Kimarekani uliokatwa kuwa chuma chakavu. Mpira wa oili ulikuwa mpya, umebanwa ncha zake Mbeya. Nati ilikuwa imeingia kwa vidole mpaka mwisho, haikukwama na haikupwaya, jinsi ambavyo kila fundi angetamani nati iingie.

Ilivuja hata hivyo.

Tone moja baada ya jingine halimalizi oili ya injini kwa siku, na mwenye haraka angetega kopo chini akaendelea kupasua mbao. Lakini nilirudi Mbeya nikiwa na swali ambalo lilinisumbua kwa wiki kadhaa, wakati mwingine hata kanisani: inawezekanaje vyuma viwili vyenye hesi moja, vilivyokubaliana kwa utulivu namna ile, vishindwe kuzuia oili?

Hesi inashika, koni inaziba

Wengi wetu tumejifunza kuunga vitu vinavyopitisha majimaji kwa kuwatazama mafundi bomba. Kwenye bomba la maji, hesi (au thredi, kama inavyosemwa gereji) hufanya kazi mbili kwa pamoja: hushika na huziba. Hesi ya kiume ya bomba ni nyembamba mbele na nene nyuma. Katika kila milimita 16 za urefu, kipenyo chake huongezeka kwa milimita 1, na kwa hiyo kadiri unavyoizungusha ndivyo inavyojikandamiza ndani ya mwenzake, huku katani au tepu nyeupe ikijaza vijia vidogo vilivyobaki. Fundi bomba akiona maji yanavuja hukaza zaidi, na mara nyingi huwa amefanya sawa.

Kiungo cha mpira wa oili kina utaratibu mwingine. Nati inayozunguka kwenye ncha ya mpira ina hesi iliyonyooka, yenye kipenyo kimoja tangu mwanzo hadi mwisho, na kati ya hesi ya nati na hesi ya kiungo kuna nafasi ambayo oili ya moto hupita bila kuomba ruhusa. Hesi hapo huvuta tu. Kinachozuia oili ni nyuso mbili za chuma zilizofichika ndani, yaani koni ya kiume na kiti chake, ambazo hesi huzikandamiza mpaka zigusane duara zima. Ukizungusha tepu kwenye hesi ya namna hiyo huzibi chochote. Unalichelewesha tone lisionekane mapema, na unajiongezea vipande vya tepu vinavyoweza kukatika na kusafiri mpaka kwenye matundu madogo ya injini, ikiwa ni pamoja na yale yanayorushia oili chini ya pistoni.

Safari iliyofuata nilibeba kalamu ya wino mzito, ile ya kuandikia maboksi.

Nilifungua nati, nikasafisha koni ya upande wa rejeta kwa petroli, nikaipaka wino pande zote, nikaacha ukauke, kisha nikafunga nati kwa nguvu ya kawaida na kuifungua tena. Koni na kiti vikilingana, wino husuguliwa na kuacha mkanda mpana unaozunguka koni yote. Kilichoonekana kilikuwa duara jembamba kama unywele, kwenye ukingo wa nje wa koni, upande wake mpana. Sehemu nyingine yote ya wino ilikuwa kama nilivyoipaka.

Koni ya rejeta ilichongwa kwa pembe ya nyuzi 45. Kiti cha mpira kilichongwa kwa nyuzi 37.

Wamarekani wana familia hizi mbili za viungo vya koni, na zote zimeandikwa kwenye viwango vyao. Ile ya nyuzi 37 ilienea kutoka kwenye ndege za kijeshi na leo ndiyo inayotawala mitambo ya haidroliki. Ile ya nyuzi 45 ni ya zamani zaidi kwenye magari, mafuta na gesi. Kwa mpira wa nusu inchi, familia zote mbili zimetumia hesi ileile: kipenyo cha robo tatu ya inchi na meno 16 kwa kila inchi. Kwa mpira wa 3/8 zinaachana, moja ikiwa na kipenyo cha 9/16 na nyingine 5/8. Maana yake ni kwamba kama shemeji angekuwa na mfumo wa ukubwa mdogo kidogo, nati ingekataa kuingia tangu dukani na tone lisingekuwepo. Tulipata tatizo kwa sababu vyuma vilikubaliana mahali pasipo na umuhimu.

Chuma nacho kina tabia yake. Kiungo cha shaba kingeweza kujikandamiza kidogo, kikajitengenezea kiti chake na kunyamaza kwa muda. Huenda ndiyo sababu fitingi za shaba za nyuzi 45 zimependwa miaka mingi kwenye mabomba ya presha ndogo. Chuma juu ya chuma hakibembelezeki. Ukiongeza nguvu, unapasua nati au unaacha alama kwenye kiti, na baada ya hapo hata kiungo sahihi kitavuja juu ya kiti kilichoharibika. Zipo washa za koni za shaba nyekundu zinazouzwa kwa ajili ya nyuso zenye mikwaruzo, na nilishauriwa niweke moja, lakini washa ya namna hiyo husawazisha mkwaruzo, haibadilishi pembe.

Kaunta moja, nchi nne

Mtu akisimama kwenye duka la mipira ya haidroliki Mbeya na kutazama rafu kwa makini, ataona jinsi mji huu ulivyokaa njia panda. Wateja ni madereva wa malori ya Tunduma, wachimbaji wa dhahabu wa Chunya wenye ekskaveta zao, wenye mashine za kuvunia mpunga kutoka Mbarali, na wenye matrekta kutoka kila upande. Kila mmoja analeta chuma cha nchi yake: Mwingereza, Mmarekani, Mjerumani, Mjapani. Mchina naye anakuja na mchanganyiko, kutegemea mtambo wake ulinakili wa nani.

Tofauti hizi ni za siku nyingi. Joseph Whitworth alipendekeza hesi ya pamoja kwa viwanda vya Uingereza mwaka 1841, yenye meno ya pembe ya nyuzi 55. Mwaka 1864 William Sellers, mwenye kiwanda Philadelphia, alipendekeza ya nyuzi 60 kwa Wamarekani, akitoa hoja kwamba ni rahisi zaidi kuichonga na kuipima. Ulaya bara ikaenda na milimita. Mabomba yakafuata njia zilezile. Ukitaka kujua gharama yake, tazama Baltimore mwezi Februari 1904: moto uliposhinda zimamoto wa mji huo, vikosi vilikuja kwa treni kutoka miji mingine, na mipira mingi ya wageni haikuweza kufungwa kwenye mabomba ya Baltimore kwa sababu viungo havikulingana. Majengo zaidi ya 1,500 yaliteketea.

Baada ya kujua koni ya rejeta ni ya nyuzi 45, njia fupi ilikuwa kuitoa kabisa na kuweka kiungo cha nyuzi 37 mahali pake. Ilitoka vizuri. Chini yake, kwenye mwili wa rejeta ambao ni wa aluminiamu, kulikuwa na hesi ya bomba ya nusu inchi, nyembamba mbele na nene nyuma, ya Kimarekani.

Hapo ndipo nilipoanza kuogopa kwelikweli, kwa sababu nusu inchi ya bomba ya Kimarekani na nusu inchi ya bomba ya Kiingereza, hii tunayoifunga kwenye nyumba zetu, zote zina meno 14 kwa inchi. Vipenyo vyake vya nje (nusu inchi ni jina la bomba tu) hupishana kwa chini ya nusu milimita: ya Kiingereza ni karibu milimita 20.96, ya Kimarekani ni 21.3 hivi. Tofauti kubwa ni pembe ya jino, 55 dhidi ya 60, na jicho haliioni. Ukiweka moja ndani ya nyingine inazunguka mara kadhaa, kisha inaanza kukaza, na kukaza ndiko unakokutegemea kutoka kwa hesi ya bomba. Hakuna dalili ya kukutahadharisha. Na kwa kuwa hesi ya namna hii hufanya kazi kama kabari, kiungo cha chuma kinachosukumwa kwa nguvu ndani ya aluminiamu kinaweza kuipasua, na rejeta iliyopasuka mdomo haina fundi wa bei nafuu.

Dukani niliambiwa, "Nusu inchi ni nusu inchi, kaka."

Simlaumu muuzaji. Kwa mteja wake wa kawaida, hilo ni kweli.

Kiungo chenye hesi ya bomba ya Kimarekani upande mmoja na koni ya nyuzi 37 upande wa pili, cha chuma, nilikipata kwa muuzaji mwingine anayehudumia mitambo ya kuchoronga visima na miamba. Alikuwa nacho kwenye kopo la rangi, kimechanganywa na vingine. Tuliketi chini tukavichambua.

"Gari gani?"

Kila nilikoingia niliulizwa swali hilo kwanza. Biashara yetu ya vipuri imejengwa juu ya majina: taja gari, taja mwaka, taja injini, na kijana atapanda ngazi kuteremsha boksi. Mfumo huu una akili yake, na kwa mwenye gari ambalo halijaguswa unafanya kazi haraka kuliko kipimo chochote. Tatizo huanza pale injini ya lori inapokuwa msumeno, na rejeta ya mtambo mmoja inapoingia kwenye damu ya mtambo mwingine. Katika nyanda hizi hilo si jambo la nadra. Injini zinazosaga mahindi, zinazopasua mbao na zinazovuta maji ya umwagiliaji nyingi zilikuwa gari fulani zamani, na gari hilo halipo tena. Jina la gari haliwezi kukusaidia kwenye kiungo ambacho gari hilo halikuwahi kuwa nacho.

Kwa hiyo ilinibidi nijifunze kuuliza kwa namba, na namba zinahitaji vifaa viwili tu. Cha kwanza ni venia, kile kifaa cha kubana kitu na kusoma kipenyo chake, ambayo hata ile ya bei ndogo inatosha. Cha pili ni kitu cha kupimia meno: kile chenye majani mengi ya chuma kama kisu cha kukunja au, ukikikosa, kiungo ambacho tayari unakijua. Unavilaza viwili vyote vya kiume, jino kwa jino, unavinyanyua kuelekea dirishani. Mwanga ukipenya katikati huku ncha zikigusana, meno hayalingani. Njia hii hufichua jozi ambayo venia peke yake ingekudanganya: hesi ya milimita 22 ya Kijerumani ina hatua ya milimita 1.5 kati ya jino na jino, na hesi ya inchi 7/8 ya Kimarekani ina kipenyo cha milimita 22.2 lakini hatua yake ni milimita 1.81. Kwa venia ni karibu kitu kimoja. Kwenye mwanga ni vitu viwili kabisa.

Halafu tazama ndani ya mdomo. Koni ikiwa imetokeza nje kama ncha ya penseli, hiyo ni familia moja. Ikiwa imezama ndani, ni nyingine: Mwingereza huizamisha kwa nyuzi 60 akipima pembe nzima, Mjerumani kwa 24 vilevile pembe nzima, wakati Mmarekani husema 37 akipima kutoka mstari wa katikati hadi upande mmoja. Mjapani, kwa makusudi ya kutuchosha, kwenye baadhi ya mitambo ameweka hesi ya bomba ya Kiingereza na koni ya kutokeza inayofanana na ya Kimarekani ila ni ya nyuzi 30. Wino wa kalamu hukata kesi hizi zote.

Upande wa injini

Tone la rejeta lilikuwa fumbo, lakini hatari kubwa zaidi ilikuwa upande wa pili. Injini ilipokuwa kwenye lori, oili ilitoka kwa bomba gumu la chuma lenye flanji (bamba la kulifungia kwenye injini) ya bolti mbili, na bomba hilo lilikuwa limepasuka karibu kabisa na flanji. Magogo hayatulizi mtikisiko kama fremu ya lori. Flanji mpya ya injini hiyo haikupatikana Mbeya, Makambako wala Iringa.

Pendekezo la kwanza, lililotolewa kwa imani kubwa, lilikuwa kuchomelea nipeli (kipande kifupi chenye hesi) ya bomba la maji kwenye flanji ya zamani, kisha kuvika mpira na kubana kwa klipu. Nimeona injini zinazotembea hivyo kwa miaka, na siwezi kumwambia mtu kwamba haiwezekani. Lakini nipeli ya maji imepakwa zinki nene ambayo huweza kubanduka vipande vipande, na mahali hapa hakuna chujio la kutosha la kuviamini vipande hivyo. Klipu nayo hutegemea ulaini wa mpira, na mpira unaopikwa na oili kila siku hupoteza ulaini huo. Klipu iliyokuwa imara mwezi Juni huwa imelegea mwezi Desemba, na hakuna aliyeigusa.

Pendekezo la pili lilitoka kwa fundi kerezo mmoja, mzee asiye na maneno mengi. Alitaka flanji ikatwe kutoka kwenye bomba lililopasuka na tundu lake lipanuliwe kwa mashine, kisha kiungo cha chuma cha nyuzi 37 kikerezwe shingo inayoingia humo kwa kubana, na pale wanapokutana palehemiwe kwa fimbo ya shaba ya njano badala ya kuchomelewa kwa umeme. Sababu yake ilinishawishi: moto wa umeme huyeyusha chuma chenyewe kwenye mstari mwembamba na kukiacha kigumu kando yake, na kitu kigumu kando ya kitu laini kwenye injini inayotikisika ndipo ufa wa kwanza ulipoanzia. Shaba hiyo huyeyuka karibu na nyuzi joto 900, hupenya yenyewe kwenye nafasi nyembamba kati ya shingo na tundu, na hushika eneo pana. Oili ya nyuzi joto 120 haiwezi kuitikisa.

Nilikubali, lakini nilibaki na mashaka kadhaa na niliyasema.

La kwanza lilikuwa rangi ya dhahabu iliyopakwa kwenye kiungo kuzuia kutu. Mipako ya namna hiyo huwa ni zinki, na kwenye fitingi za zamani huweza kuwa kadimiamu, ambayo moshi wake unaua. Inaondolewa yote kwa mashine kabla ya moto kuwashwa, na kazi hufanywa nje. (Mafundi wetu wengi hunywa maziwa baada ya kuvuta moshi wa mabati. Maziwa ni mazuri, lakini hayafiki kwenye mapafu.) La pili lilikuwa uso wa flanji: moto hupinda chuma kidogo, na flanji iliyopinda kwa unene wa karatasi huvuja hata kwa gasketi mpya. Mzee alikuwa ameshalifikiria. Baada ya kulehemu aliirudisha kwenye mashine akakereza uso wake upya. La tatu halikuwa na jibu la mashine, nalo ni kwamba ulehemu mzuri na ulehemu mbaya hufanana kwa nje. Tuliziba ncha moja, tukafunga nyingine kwenye pampu ya jeki yenye geji, tukaijaza oili na kuipandisha hadi presha kubwa mara nyingi kuliko injini itakavyowahi kutoa, tukaiacha hapo tukanywa chai. Geji haikushuka.

Kutumia oili badala ya upepo kwenye jaribio la namna hiyo kunaokoa macho. Oili ikipata ufa hupoteza presha mara moja. Upepo uliobanwa hurusha vipande.

Jambo ambalo mimi na mzee hatukuafikiana ni kishikio. Yeye anaamini kazi yake haihitaji kushikiliwa. Mimi naamini bomba la kwanza lilipasuka kwa sababu kishikio chake kilitupwa siku injini ilipotolewa kwenye lori, na kiungo kizito cha chuma kinachoning'inia kwenye flanji kitafanya vilevile kwa wakati wake. Niliweka bati lililokunjwa, likashika mpira kando ya nati na kufungwa kwenye bolti ya injini ileile, wala si kwenye magogo, ili vyote vitikisike pamoja.

Joto lina nguvu kuliko presha

Watu wengi wakisikia mpira wa oili huuliza kwanza unabeba presha kiasi gani. Injini ya dizeli ya kawaida ikiwa na joto la kazi huwa na baa 3 hadi 5. Asubuhi ya baridi ya Mufindi, oili ikiwa nzito, geji hupanda zaidi mpaka vali ya pampu ifunguke. Mpira wa haidroliki wa nusu inchi wenye wavu mmoja wa waya, kwa kiwango cha Ulaya, unaruhusiwa kubeba baa 160. Presha haiwezi kuwa sababu ya kuchagua wenye nyavu mbili, ambao ni mgumu kukunjika na mzito bila faida yoyote hapa.

Joto ndilo la kuuliza. Mpira mwingi wa haidroliki umewekewa kikomo cha nyuzi joto 100, na oili ya injini inayopasua gogo la paina mchana kutwa huvuka hapo bila taabu. Maandishi yaliyochapwa ubavuni mwa mpira huweza kukuambia kikomo chake. Usiposoma hapo, hakuna atakayekusomea. Kunja nako kuna kanuni: mpira wa nusu inchi unataka kunja pana, nusu kipenyo chake kisipungue milimita 180 hivi, la sivyo waya wa ndani huanza kuchoka upande wa nje wa kunja.

Njia ya kupita oili nayo ilinitia wasiwasi. Ncha ya chuma inayoingia ndani ya mpira wa milimita 12.7 huwa na tundu la milimita 9 au 10 tu, na kwa mtiririko mzito na mtulivu, tundu la 9 hupitisha robo tu ya kile ambacho 12.7 hupitisha kwa msukumo uleule. Hesabu hiyo, hata hivyo, ni ya bomba lenye urefu mmoja; ncha ni fupi, na hasara yake ni ndogo kuliko hesabu inavyotisha. Kinachoumiza zaidi ni elbo zilizotobolewa kwa keekee pande mbili zikakutana kwa kona kali ndani, na misururu ya adapta juu ya adapta. Kila adapta ni sehemu mbili mpya za kuvuja na uzito mpya wa kutikisika. Nilichagua kiungo kimoja kigumu kupatikana badala ya vitatu vilivyokuwepo dukani.

Kabla ya kufunga, mpira ulisukumwa kitambaa chenye petroli mara nyingi, kwa sababu jiwe la kukatia huacha ndani unga wa waya na mpira uliochanganyika. Kwenye injini hii rejeta iko kabla ya chujio, na hiyo ni bahati, ila chujio nacho kina vali inayofunguka oili ikiwa nzito asubuhi, na dakika hizo za kwanza uchafu una njia huru mpaka kwenye beringi za krenki.

Tulipowasha, wino niliokuwa nimeupaka upya kwenye koni ulikuwa tayari umetoa jibu: mkanda mpana, duara zima. Nati ilikazwa kwa nguvu ndogo kuliko ile ya mwanzo.

Bado geji

Kazi iliyobaki ni ndogo kwa ukubwa na si ndogo kwa uzito. Shemeji anataka geji ya presha mahali anapoweza kuiona akiwa kwenye msumeno, na tundu la swichi ya oili kwenye injini yake ya Kijapani ni la bomba la 1/8, meno 28 kwa inchi. Geji aliyonunua ni ya Kimarekani, 1/8 pia, yenye meno 27. Kwa urefu mfupi namna hiyo, tofauti ya jino moja kwa inchi haisikiki mkononi. Inazunguka, inakaza, na kwenye nyumba ya chujio ya aluminiamu inaharibu hesi kimyakimya. Alinipigia simu akiwa na spana mkononi.

"Kamwene, shemeji. Hii geji inaingia."

Nilimwomba aitoe. Adapta ya chuma yenye meno 28 upande mmoja na 27 upande wa pili inakuja kwa basi kutoka Dar es Salaam. Mpaka ifike, swichi ya zamani imerudishwa mahali pake, na taa yake nimeihamishia juu ya meza ya msumeno kwa waya mrefu.